Urithi wa Likasi na Kipimo cha Ruzuku

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikua chini ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga, eneo la kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa hiyo mradi wa urithi unaoombewa ruzuku mjini humo, yaani fedha za msaada zisizorudishwa, lazima kwanza uonyeshe unahifadhi kumbukumbu ya nani. Mitambo ya shaba ya Shituru, mjini Likasi, yatangaza ufundi wa kampuni, lakini haimtaji mfanyakazi aliyeishi katika kambi ya kampuni, wala mgomo wa wafanyakazi wa Desemba 1941 uliomalizwa kwa risasi za askari huko Lubumbashi, iliyokuwa ikiitwa Elisabethville.

Mtihani mgumu zaidi ni Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi, ambako urani, madini yenye mnururisho, iligunduliwa mwaka 1915 na baadaye ikatumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Thamani yake kihistoria haina shaka. Hata hivyo, mradi wa kuwapeleka wageni mahali hapo haustahili kufadhiliwa, kwa kuwa mnururisho ungali hatari na sehemu ya machimbo iliporomoka Julai 2004, ikawaua wachimbaji wadogo. Kinachostahili, tena kwa haraka, ni kurekodi masimulizi ya wazee na kukusanya vyombo vyao vya nyumbani, kama Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilivyofanya tangu mwaka 2000 kwa mradi wa kumbukumbu za jiji hilo, ambamo wakazi wenyewe walihesabiwa kuwa mashahidi wa historia yao.