Funza Alishuka Melini

Mwezi wa Septemba 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazil, ilitia nanga Ambriz kwenye pwani ya Angola. Tumboni ilikuwa na farumi, ule mchanga unaopakiwa ili chombo kisiyumbe. Mchanga ukamwagwa ufukweni, na ndani yake mlikuwa na viroboto wadogo kuliko punje ya mtama. Hivyo ndivyo historia ya tiba inavyosimulia kuingia kwa funza barani kwetu. Huenda alishawahi kufika kabla ya hapo na meli za watumwa, lakini safari hii alikaa.

Habari hii niliisoma kwa simu usiku mmoja, miezi michache baada ya kuacha chuo, wakati ambapo nilikuwa nasoma kila kitu isipokuwa nilichotakiwa kusoma. Mimi ni wa Kilifi, upande wa Ganze, na tangu utotoni nimesikia funza akielezwa kwa neno moja tu: uchafu. Ukiwa na funza, wewe ni mchafu, mamako ni mchafu, na nyumba yenu ndiyo usiseme. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mdudu huyu ana tarehe ya kufika.

Kwao ni Amerika. Mabaharia wa Columbus walikutana naye kwenye visiwa vya Karibi na Wahispania wakaandika juu yake mapema kabisa katika karne ya 16, kwa hofu, maana watu walikuwa wakipoteza vidole vya miguu. Afrika alisafiri kwa kasi ya kutisha, na hakuhitaji hata kuruka mbali. Alibebwa na miguu ya wapagazi. Misafara ilipopanda mto Kongo, naye alipanda. Mwaka 1892 msafiri Oscar Baumann wa Austria alipita Uzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, akakuta vijiji ambavyo watu walishindwa kuvuna mashamba yao kwa sababu hawakuweza kukanyaga chini. Hebu fikiria: chakula kiko shambani, kimeiva, na mwenye shamba anakitazama kwa mbali akifa njaa.

Kutoka ziwani alishuka na njia za misafara hadi pwani. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na funza alikuwa miongoni mwa vitu vilivyowalaza hospitalini pamoja na malaria na vidonda. Mwaka 1899 aliripotiwa Bombay. Kutoka Ambriz hadi ng'ambo ya Bahari ya Hindi ilimchukua miaka 27 tu. Ni miaka hiyohiyo ya mwisho wa karne ambapo Wagiriama walipigwa na njaa wanayoiita Magunia, kwa hiyo mdudu aliwakuta watu ambao tayari walikuwa hoi.

Hata jina lake linatoa ushahidi. Funza ni neno la zamani kwa mabuu, yale yanayotoboa mahindi na kuozesha nyama. Mgeni alipokuja, watu walimtazama akiwa amevimba mweupe chini ya ngozi, wakampa jina la kitu walichokijua. Wengine walimwita tekenya. Ndiyo, tekenya hiyohiyo ya kumchezea mtoto mbavuni mpaka acheke. Aliyewahi kuwashwa na funza usiku anajua kwamba aliyelitunga jina hilo alikuwa na utani mbaya.

Sasa jinsi anavyofanya kazi. Jike huingia kwenye ngozi akitanguliza kichwa, mara nyingi pembeni mwa kucha au kisiginoni, akaacha ncha ya nyuma nje. Kupitia tundu hilo anapumua na kutaga. Ndani ya wiki mbili hivi anavimba kufikia ukubwa wa njegere, anadondosha mayai zaidi ya mia, kisha anafia papo hapo. Kwa hesabu ya wiki nne hadi sita, kila kitu kimekwisha. Lakini mayai yameanguka chini, na kama chini ni vumbi kavu la sakafu ya udongo, mabuu hukua humohumo, chini ya kitanda, na kuanza upya. Mbuzi, mbwa, paka na panya wanaolala karibu humbeba vilevile.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika vijiji vinane vya wadi za Malindi na Kakuyuni. Walikaguliwa watu 1,086, na robo yao walikuwa na funza. Soma tena: mtu mmoja kati ya wanne, mwendo mfupi tu kutoka hoteli ambazo watalii wanakula pizza. Na mzigo haukugawanyika sawa. Walioumia zaidi walikuwa makundi mawili, watoto wa umri wa shule na wazee. Katikati, watu wazima wenye nguvu, hali ilikuwa nafuu.

Mimi sikuhitaji utafiti kuelewa kwa nini. Mtu mzima anajiona miguu, anainama, anajitoa. Mtoto anakaa chini siku nzima, nyumbani na darasani, na hana viatu. Mzee haoni vizuri, mgongo haukunjiki, na mara nyingi ameachiwa wajukuu alee peke yake, kwa hiyo kwenye nyumba moja unakuta makundi yote mawili yakitazamana. Hawe wangu alikuwa akivaa soksi kwenye joto la Februari. Tulidhani ni mambo ya uzee, bana. Kumbe alikuwa akificha visigino.

Na sababu ya kuficha si aibu peke yake. Kilifi, mvi zinatosha kumfanya mtu aitwe mchawi, na wazee wameuawa kwa neno hilo. Mzee ambaye hatoki nje, ambaye hataki mtu aingie chumbani kwake, ambaye miguu yake inanuka, anasemwa haraka sana. Wengine husema funza wenyewe ni laana aliyotumiwa. Kati ya kuitwa mchafu, kulaaniwa na kuitwa mchawi, bora soksi.

Tiba ya kienyeji kila mtu anaijua: pini, wembe au mwiba wa mlimau. Shida ni kwamba pini ni moja na miguu ni mingi. Inatoka kwa kaka inaenda kwa dada, na kwa njia hiyo pepopunda, homa ya ini na hata virusi vya ukimwi vinaweza kupita. Kwa mtoto ni mateso ya kushikwa na watu wawili. Kwa mzee mwenye kisukari, tundu moja la pini linaweza kuwa mwanzo wa kupoteza mguu. Kwenye shule moja, siitaji, tulipangwa mstari asubuhi na waliopatikana nao wakachokolewa mbele yetu wote. Waliobaki tulijifunza jambo moja, kukunja vidole.

Baadaye yakaja maji ya zambarau, pamanganeti ya potasiamu. Unaloweka miguu kwenye beseni dakika kumi na kitu. Kampeni nyingi nchini ziliyategemea, picha zake zinapendeza sana kwenye televisheni, lakini hayaui vizuri hivyo. Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika hapa Kenya na watoto 47. Mguu mmoja ulitibiwa kwa maji ya zambarau, mwingine kwa dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni ambayo Ulaya yanauzwa kama dawa ya chawa. Baada ya siku saba, upande wa dimetikoni funza 78 kati ya 100 walikuwa wamekufa. Upande wa pili, 39. Dawa haina sumu ya kumuua mdudu. Inaziba lile tundu lake la nyuma, anakosa hewa. Hakuna pini, hakuna damu, na mtoto halii.

Basi kwa nini haipo kila zahanati? Inatoka nje, ina bei, na wenye funza si wateja wa mtu.

Kilichonifurahisha zaidi ni jaribio jingine la huku kwetu pwani, lililochapishwa mwaka 2019, la watoto 96. Mafuta ya mwarobaini sehemu moja, mafuta ya nazi sehemu nne. Yaani vitu ambavyo viko uani. Katika kuua ndani ya wiki moja hayakuyashinda maji ya zambarau, hilo lisemwe wazi, ila funza wachanga walizeeka haraka, na uvimbe na maumivu yalipungua zaidi. Si muujiza. Lakini mzee anaweza kupakwa na mjukuu wa miaka minane, na hakuna anayekimbia.

Hawe alipakwa hivyo. Pia alichomwa sindano ya pepopunda, jambo ambalo watu husahau. Visigino vikapona, vikarudi, vikapona tena, kwa sababu sakafu ni ileile. Ukimwagia maji vumbi linatulia siku mbili. Mbuzi tumewahamisha, panya hawahamishiki.

Mwezi uliopita tulichanga kwenye grupu la familia kwa ajili ya saruji. Fundi alipiga hesabu, fedha zikatosha chumba kimoja. Tukamwambia Hawe tunaanza na chake. Amekataa, anataka kile wanacholala wajukuu.