Hulk na Hasira Iliyozikwa
Stan Lee na Jack Kirby walipomtoa Hulk, jitu la katuni, kwa mara ya kwanza mwaka 1962, hakuwa wa kijani wala hakugeuzwa na hasira. Alikuwa wa kijivu, na mwanasayansi Bruce Banner aligeuka kuwa Hulk jua lilipokuchwa. Hasira iliingia baadaye, kisha tamthilia ya televisheni ya Marekani, iliyokoma mwaka 1982, ikaikaza: daktari anahama mji hadi mji akikwepa kuudhiwa. Hapo hasira ikawa maradhi, na dawa yake kujizuia.

Filamu ya Ang Lee ya mwaka 2003 ilithubutu kuuliza maradhi hayo yanatoka wapi. Banner wake ni mpole, hapandishi sauti, kumbe utotoni alishuhudia baba akimuua mama na kumbukumbu ikazikwa. Wikendi yake ya pili, mapato ya filamu hiyo Marekani yaliporomoka kwa takriban asilimia 70. Husemwa kosa lilikuwa maneno mengi na ngumi chache. Sikubaliani. Filamu ililitupa swali lake njiani: mzozo wa baba na mwana, uliohitaji kusemwa, ulimalizwa kwa pigano la gizani ambalo hata kuliona ni kazi. Na anayedai kwamba ngumi hupooza moyo ana jaribio la mwanasaikolojia Brad Bushman la kujibu, lililochapishwa mwaka 2002: waliopiga begi la ndondi wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko waliokaa tu. Katika The Avengers ya mwaka 2012, Banner anakiri kwamba hasira haimwachi kamwe, ndipo anageuka kwa hiari yake. Kukiri huko kulichukua sentensi moja. Ang Lee alikuwa na zaidi ya saa mbili.