Nyigu Walinzi wa Kahawa na Safari Ndefu ya Kuwatambua

Kahawa inayonywewa Kinanira, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, hutoka vilimani, hasa Kayanza na Ngozi, ambako Wabelgiji waliwalazimisha wakulima kuipanda miaka ya 1930. Historia yake husimuliwa kwa bei, kodi na kiboko. Nyigu wa milimita moja au mbili hawatajwi, ilhali wamelilinda zao hili katika Afrika Mashariki yote bila ujira.

Adui wa zao hilo ni nondo mdogo mweupe. Hutaga juu ya jani. Kiwavi akianguliwa hupenya ndani na kula nyama ya jani kati ya ngozi zake mbili, akiacha baka la kahawia. Mle ndani dawa ya kupuliza humpata kwa shida. Nyigu jike humpata: hutoboa ngozi ya jani kwa mrija wa kutagia, na buu wake akamla kiwavi.

Ili kuwatambua nyigu hao, kwanza ilibidi nondo mwenyewe ajulikane. Mwaka 1948 F. B. Notley, akiandika juu ya kahawa ya Kilimanjaro, alimwita Leucoptera coffeella, jina la nondo wa Amerika. Kumbe tangu 1940 Mbelgiji Jean Ghesquière alishampa nondo wa Afrika jina la Leucoptera meyricki, na mwaka 1958 J. D. Bradley akaonyesha kuwa hilo ndilo jina la nondo wa Kilimanjaro. Kosa hilo halikuwa dogo. Mla nondo wa Amerika si lazima amle wa kwetu, na anayetafuta mlinzi kwa jina la mdudu mwingine anapoteza miaka.

Nyigu walikuwa wagumu zaidi. Charles Ferrière aliwaeleza kadhaa, kisha mwaka 1969 G. J. Kerrich akachapisha uchambuzi mpana wa nyigu wa familia ya Eulophidae wanaoshambulia wachimba majani ya kahawa, yaani viwavi kama wa nondo huyo, barani Afrika. Kazi yenyewe ni ya hadubini: pingili za vipapasio, vinyweleo vya bawa, mikwaruzo ya mgongoni. Inahitaji subira kubwa, kwa sababu baadhi ya nyigu hula nyigu wenzao. Ukimzidisha huyo shambani, umemsaidia adui.

Wakati huohuo Kenya ilikuwa imeonja matokeo ya kukosa subira. Baada ya upulizaji mkali wa dawa miaka ya 1950, wachimba majani waliongezeka badala ya kupungua, maana sumu iliua walinzi nje huku viwavi wakiwa wamejificha. Mwaka 1964 H. A. Bess alichapisha hesabu za nondo na nyigu katika mashamba yaliyopuliziwa na yasiyopuliziwa.

Naamini Burundi inastahili orodha yake kamili ya nyigu hawa, na mwanzo wake hauhitaji fedha nyingi. Mwanafunzi wa Kinanira anayekwenda likizo Kayanza anaweza kuchuma majani yenye mabaka, kuyatia kwenye chupa, kufunga mdomo kwa kitambaa, kuandika kilima na tarehe, na kungoja aone atakayetoka: nondo au nyigu.