Diski kuu: kuitoa na kuirudisha

Diski kuu ni kifaa kinachotunza kumbukumbu za kompyuta hata umeme unapozimwa: programu endeshi, picha za familia, hesabu za duka, kazi za mwanafunzi. Ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 za upana wa inchi 24, na zote pamoja zilibeba megabaiti 5 hivi. Ya siku hizi ni ya inchi 3.5 kwa kompyuta ya mezani na inchi 2.5 kwa ile ya mkononi. Mjini Kisangani mafundi wengi huiita kwa jina lake la Kifaransa, disque dur.

Kuitoa ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Kinachotaka uangalifu ni umeme.

Kisangani hutegemea kituo cha kuzalisha umeme cha shirika la SNEL kilichojengwa miaka ya 1950 kwenye maporomoko ya mto Tshopo, na mtambo mmoja ukiharibika mitaa mingi hulala gizani. Umeme ukikatika ghafla, diski yenyewe hujitahidi kujiokoa: sahani zilizokuwa zikizunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika huendelea kuzunguka kidogo, na mwendo huo huzalisha nguvu ya kurudisha vichwa vya kusomea mahali pake salama. Faili iliyokuwa ikiandikwa ndiyo huharibika. Baya zaidi huja umeme unaporudi kwa kishindo, kwani waweza kuunguza kibao cha saketi kilicho chini ya diski. Kwa hiyo kompyuta huzimwa kwa utaratibu, waya wa ukutani huchomolewa, kisha kitufe cha kuwashia hubonyezwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Ya mkononi hutolewa betri pia, au betri ya ndani hutenganishwa.

Kabla ya hayo yote, kama diski bado inasomeka, nakala ya faili muhimu iwekwe kwingine. Hatua hii ndiyo hurukwa mara nyingi, na ndiyo huliza watu.

Fundi hugusa kwanza chuma kitupu cha kasha, ili umeme tuli wa mwilini usirukie saketi. Kwenye diski zenye kiunganishi cha SATA, zilizoenea kuanzia 2003, kuna nyaya mbili: nyembamba ya data yenye pini 7 na pana ya umeme yenye pini 15. Ndani ya kila tundu mna ulimi wa plastiki wenye umbo la L. Waya huvutwa moja kwa moja kwa kushika kichwa chake. Ukipindishwa kando, ulimi huo huvunjika, na diski nzima hukosa pa kuunganishwa. Skrubu zikishatoka, diski hushikwa kingoni.

Kifuniko chake hakifunguliwi kamwe nyumbani. Vichwa huelea nanomita chache tu juu ya sahani, na punje ya vumbi ni mlima mbele yake. Hata tundu dogo la kupumulia, ambalo diski nyingi zinalo, lisizibwe kwa gundi wala karatasi. Katika mji ulio karibu na ikweta, diski iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi iachwe kwanza izoee joto la nje, kwani unyevu huweza kuganda juu yake kama matone kwenye chupa baridi.

Kuirudisha ni kwenda kinyume: skrubu, data, umeme. Diski ikihamishiwa kompyuta nyingine huenda isiwashe programu endeshi, hasa mpangilio wa kuwashia ukiwa tofauti. Na iliyofungwa kwa BitLocker, mfumo wa kusimba data wa Windows, huenda ikadai ufunguo wa kurejeshea.

Baada ya kuwasha, sikio linahitajika. Mvumo laini ni wa kawaida. Ikigonga tik-tik mfululizo, izimwe papo hapo, kwa kuwa kila sekunde inayozunguka, kichwa kilichoharibika huweza kukwaruza sahani zenye kumbukumbu.