Presha ya damu: namba mbili zina maana gani?

Ukipimwa presha (wengine husema tansio) katika Kituo cha Afya cha Dzaleka au hospitali ya Lilongwe, utaandikiwa namba mbili, kwa mfano 150/95. Usiondoke bila kuuliza maana yake.

Namba ya kwanza ni nguvu ya damu katika mishipa moyo unaposukuma. Ya pili ni nguvu hiyo moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo.

Kwa mtu mzima:

• Chini ya 120/80: kawaida.
• 120 hadi 139, au 80 hadi 89: inaanza kupanda. Punguza chumvi, fanya mazoezi, acha sigara na pombe. Pima tena.
• 140/90 au zaidi, hata ikiwa ni namba moja tu: iko juu. Rudi siku nyingine upimwe tena. Ikibaki juu, unahitaji matibabu.
• 180/120 au zaidi: muone mhudumu siku hiyohiyo. Ukiwa pia na maumivu ya kifua, shida ya kupumua, kuona au kuzungumza, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ni dharura. Usisubiri kesho.

Mama mjamzito mwenye 140/90 au zaidi aende kituoni siku hiyohiyo.

Kabla ya kupimwa

Haraka, hofu na maumivu hupandisha presha. Ukifika umetembea kwa mguu, kaa kimya dakika 5 kwanza. Nenda haja ndogo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Mkono uwe wazi, umeegemezwa usawa wa moyo, na usiongee.

"Lakini sijisikii mgonjwa"

Wengi wenye presha ya juu hawasikii chochote, huku mishipa, moyo na figo vikiharibika. Kwa wengine, dalili ya kwanza ni kiharusi. Kwa hiyo usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Huenda ni dawa ndiyo inayoishikilia presha. Usitumie dawa za jirani. Zikikaribia kwisha, rudi kituoni mapema.

Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyo katika samaki wa chumvi na viungo vya pakiti, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Tunza kitabu chako cha afya na uende nacho kila unapopimwa, ili mhudumu alinganishe namba zako.