Mupira wa Wale Waliobaki: Mwaka wa michezo katika Institut Saint-Boniface, na fundisho lake kwa Kasaji



Katika kitabu cha yubile ni desturi kuhesabu majengo: kanisa, nyumba ya mapadri, nyumba ya wagonjwa, masomo. Desturi hiyo ni ya haki, kwani kila tofali lilibebwa na mutu. Lakini kuna kazi moja ya wamisionere isiyokuwa na ukuta wala paa, na kwa sababu hiyo inasahauliwa upesi. Ni kiwanja cha michezo kando ya masomo. Tunataka kusimulia hapa mwaka mumoja wa michezo katika masomo ya sekondari ya Wakatoliki, ndio mwaka 1939 katika Institut Saint-Boniface ya Élisabethville, muji unaoitwa leo Lubumbashi. Kisha tutaonyesha ginsi habari ile inavyotugusa sisi wa Kasaji.

Jirani wa njia moja

Mwaka 1910 Wabenedikto wa abasia ya Saint-André, karibu na Bruges katika Ubelgiji, walipewa kazi ya kuhubiri Injili katika Katanga. Mukubwa wao alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, aliyepata kisha kuwa askofu, akaongoza kazi ile mpaka kufa kwake mwaka 1958. Mwaka 1922 inchi za Lulua na Katanga ya kati ziliwekwa mikononi mwa Wafransisko. Sisi wa magaribi, Walunda, Watshokwe, Wandembu na wengine, tulilelewa na hao wa pili. Jimbo letu la Kolwezi lilianzishwa mwaka 1971.

Watawa wale walikuwa wa namna mbili, lakini njia ilikuwa moja. Mwaka 1931 reli iliyotoka Tenke ilifika Dilolo na kuungana na reli ya Benguela inayokwenda mpaka bandari ya Lobito. Kasaji ikawa juu ya njia ile. Kwa njia ile ilipita shaba, na kwa njia ile walipita watu, barua na habari. Kwa hiyo mambo ya Élisabethville hayakuwa mambo ya inchi ya mbali.

Ekipe ilianza kwa sababu gani?

Institut Saint-Boniface ilipewa jina la mutakatifu Mubenedikto, mwenyeji wa Uingereza, aliyepeleka Injili kwa Wajerumani na kuuawa mwaka 754. Kati ya wanafunzi wake wengine walielekea upadri, lakini wengine hawakuwa na wito ule. Mapadri walijiuliza: hawa wengine tuwafanyie nini? Saa za darasa zikiisha, waende wapi? Jibu lao lilikuwa mupira. Mwaka 1939 waliunda ekipe na kuiita Saint-Georges, kwa jina la mutakatifu mulinzi wa maskuti.

Msomaji aangalie vizuri sababu hiyo. Ekipe haikuundwa kwa kutafuta kombe, wala kwa kuonyesha sifa ya masomo. Iliundwa kwa ajili ya wale ambao hawakuwa katika njia kubwa ya nyumba ile. Mapadri hawakusema: huyu hatakuwa padri, basi arudi kwao. Walisema: huyu naye ana mwili na roho, naye anahitaji kulelewa. Mupira ulikuwa dawa ya wale waliobaki.

Saint-Georges ilipokelewa moja kwa moja katika divizyo ya kwanza ya shirikisho la michezo lililowekwa kwa ajili ya wenyeji, kwani siku zile mweusi na mweupe hawakucheza katika shirikisho moja. Mwaka ulipokwisha, ekipe ile ya wanafunzi ilikuwa ya tatu. Kwa vijana wa masomo waliosimama mbele ya watu wazima wa muji, cheo kile kilikuwa heshima kubwa.

Mwaka wa michezo katika masomo si hesabu ya mabao tu. Kila mwalimu wa inchi yetu anajua mwendo wake. Masomo yanafunguliwa mwezi wa tisa, wakati vumbi lingali juu ya kiwanja. Katika mwezi wa kumi mvua inaanza, majani yanaota, na vijana wanapaswa kukata majani kabla ya kugusa mupira. Mpaka mwezi wa ine matope yanatawala. Kisha baridi ya mwezi wa tano na wa sita inafika, na ndipo michezo inakuwa mizuri, lakini ndipo mitihani nayo inakaribia. Basi kijana anayecheza anajifunza kupanga saa zake, kutunza jezi isiyo yake, kutii firimbi hata akiona kwamba mwamuzi amekosa, na kumupa mukono yule aliyemushinda. Mutume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, alichukua mufano wa mukimbiaji na wa mupiganaji ngumi, kwa sababu karibu na muji wao kulikuwa michezo mikubwa kila miaka miwili, na mushindi alipewa taji la majani tu. Kama Mutume hakuona haya kuingia kiwanjani kwa mafundisho yake, mapadri wa masomo hawakukosa kumufuata.

Kiwanja kinaweza kulowa damu

Lakini historia ya haki haisemi mazuri peke yake. Mwaka ule ule 1939 vita vikubwa vilianza Ulaya, na mwezi wa tano wa 1940 Ubelgiji ilishikwa na Wajerumani. Shaba ya Katanga ikatakiwa sana. Kazi ikaongezeka, bei ya vitu sokoni ikapanda, lakini mushahara wa mutumikaji mweusi haukufuata. Mwezi wa kumi na mbili wa 1941 watumikaji wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 walikusanyika Élisabethville katika kiwanja cha mupira, wakitaka kujibiwa juu ya mushahara. Liwali Maron alifika na waaskari. Waaskari wakapiga bunduki, na watu wengi wakaanguka, pamoja na musemaji wao Léonard Mpoyi.

Jambo hilo linatufundisha kitu juu ya michezo yenyewe. Wakubwa wa wakati ule walipenda mupira kwa sababu yao pia: kijana anayecheza hana wakati wa kunung'unika. Walitaka kiwanja kiwe pahali pa kusahau. Watu wa 1941 walikifanya kuwa pahali pa kudai haki, kwa sababu hapakuwa uwanja mwingine mupana wa kuwakusanya. Tangu siku ile hakuna anayeweza kusema kwamba kiwanja ni muchezo tu. Mutu anayemupa kijana mupira na kumunyima haki yake hamulei, anamulaza usingizi.

Ekipe inatoka katika masomo

Mwaka 1944 Saint-Georges ilibadili jina na kuitwa Saint-Paul. Kidogo kidogo wachezaji wasio wanafunzi waliingizwa, kwa maana walikuwa hodari zaidi. Hapo mapadri waliacha uongozi. Ekipe ikachukuliwa na watu wa muji, ikaitwa Englebert, kwa jina la kiwanda cha mipira ya magari kilichoisaidia.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mutu. Mwaka 1966 ekipe ilishinda mashindano ya taifa, na sifa ya Tout Puissant ikashikamana na jina lake. Mwaka 1967 ikachukua kombe la mabingwa wa Afrika, na mwaka 1968 ikalichukua tena. Ilikuwa ya kwanza katika Afrika yote kulishika mara mbili kwa kufuatana. Ndiyo Tout Puissant Mazembe. Katika ekipe ya taifa ya Zaïre iliyoshinda kombe la Afrika kule Misri mwezi wa tatu wa 1974, na kisha kufika Ujerumani kwa kombe la dunia mwaka ule ule, walikuwamo wana wa Mazembe: mulinda-mulango Kazadi Mwamba, na Bwanga Tshimen, aliyetajwa muchezaji bora wa Afrika mwaka 1973. Mwaka 2010 Mazembe ilifika mpaka fainali ya mabingwa wa dunia, ikashindwa na Inter ya Milan mabao 3 kwa 0.

Je, mapadri walifanya vema kuacha? Wengine watasema ndiyo, kwani mumisionere anapanda ili wengine wavune, na mti ule uliwapa kivuli watu wengi sana. Neno hilo ni la kweli. Lakini tuulize na swali la pili: yule mwanafunzi wa 1939 asiye hodari sana, ambaye mupira ulianzishwa kwa ajili yake, alipata nafasi gani katika ekipe ile wakati wageni hodari walipoingia? Alikaa pembeni. Ekipe ya waliobaki ikawa ekipe ya waliochaguliwa. Si kosa la mutu. Ndiyo tabia ya ushindi. Klabu ni kwa ajili ya kushinda, masomo ni kwa ajili ya kulea. Kila kimoja ni kizuri pahali pake, lakini kikichukua nafasi ya mwenzake, mutoto mumoja anapotea.

Pale Kinshasa padri Raphaël de la Kethulle, aliyeitwa na watu Tata Raphaël, alijaribu kushika mambo yote mawili: masomo na viwanja. Alifika Kongo mwaka 1917, akafa mwaka 1956, na kiwanja kikubwa alichojenga, kilichofunguliwa mwaka 1952, leo kinabeba jina lake. Ndani yake Muhammad Ali alimushinda George Foreman tarehe 30 ya mwezi wa kumi 1974.

Mwaka uliokatika

Sisi wa Kasaji tuna mwaka wetu ambao hautasahaulika. Mwaka 1972 serikali ilivunja vyama vya vijana vya Eklezia na kuweka JMPR mahali pao. Mwisho wa 1974 ikachukua masomo yote kuwa yake. Kisha ikaona kwamba kazi ile inaishinda. Tarehe 26 ya mwezi wa pili 1977 ikafanya mapatano na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, ili Eklezia zirudi kuongoza masomo.

Siku kumi tu kisha, tarehe 8 ya mwezi wa tatu, wapiganaji wa FNLC waliingia kutoka Angola. Dilolo, Kasaji na vijiji vya njia ya reli vilijikuta katika vita. Tarehe 25 Mutshatsha ikashikwa. Mwezi wa ine waaskari wa Maroko walifika kwa ndege za Ufaransa, na mwisho wa mwezi wa tano jeshi la serikali lilikuwa limerudi mpaka mpakani. Watu wengi walikimbilia Angola na porini. Hivi mapatano ya masomo yalikuwa mabichi bado, na wanafunzi walikuwa wametawanyika. Miezi ya baridi, ile mizuri ya michezo, ilipita juu ya hofu na safari.

Wakati huo tuliona kwa macho kile ambacho kiwanja kinahitaji. Hakihitaji kwanza nyavu wala viatu. Kinahitaji amani, na watoto waliorudi nyumbani.

Fundisho kwa yubile yetu

Ndugu wapenzi, Eklezia iliporudishiwa masomo haikurudishiwa vitabu na hesabu ya mishahara tu. Ilirudishiwa na kiwanja. Basi tuulize, mbele ya mapadri wetu na wageni wetu, kama kiwanja kingali kwa ajili ya wale waliobaki.

Wasichana wana nafasi? Mchezo wa nzango, wenye mikono, miguu na nyimbo, ulitoka katika viwanja vya wasichana wenyewe, na leo una sheria zake na mashindano yake. Hauhitaji feza nyingi, unahitaji saa moja na mwalimu anayeuheshimu. Yule kijana munyonge ana nafasi? Masomo yanaweza kupanga ekipe kwa kalasi, ili watoto makumi tano wacheze, badala ya kumi na mumoja kucheza na wengine kupiga makofi. Na yule hodari sana, je, tunamutuma klabuni na cheti chake mukononi, ao tunamwacha aende bila cheti, ili tujisifu kwa jina lake?

Wabenedikto wa Saint-Boniface hawakujua, mwaka 1939, kwamba wanaanzisha klabu itakayojulikana katika dunia nzima. Walijua tu kwamba vijana fulani hawana kazi saa za mangaribi. Kazi hiyo ndogo Kasaji inaweza kuifanya hata leo, bila kungoja mufazili wa mbali. Tukate majani, tuweke milingoti, tumwite mutoto ambaye hakuitwa.

Mwenyezi Mungu, aliyewalinda wana wa parokia hii katika amani na katika vita, abariki yubile yetu na vijana wetu wote.