Chemba Fupi: Kwa Nini Risasi Inayoingia Si Lazima Iwe Inayofaa

Bunduki ya marisawa, ambayo wengi huiita shotigani, ilifika miteremko ya Mlima Kenya pamoja na walowezi waliolima ngano Timau. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, baadhi ya homugadi wa Meru na Embu nao walipewa. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, silaha za aina hii zilibaki mashambani kwa ulinzi. Mwenye leseni ya bunduki kongwe ya mitutu miwili, hasa iliyoundwa Uingereza kabla ya Vita Vikuu vya Pili, hana budi kuielewa istilahi moja: chemba fupi.

Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi. Ni pana kidogo kuliko mtutu wenyewe, na mbele yake njia hubana taratibu; hapo tupaite koo. Bunduki namba 12 ina mtutu wa takriban milimita 18.5, kipenyo cha tufe moja ukigawa ratili ya madini ya risasi katika matufe 12 yaliyo sawa. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu urefu wa chemba. Bunduki nyingi za zamani za Uingereza zina chemba ya milimita 65. Za kisasa huwa na 70 au 76.

Mtego uko kwenye kipimo kilichoandikwa kwenye boksi. Milimita 70 ni urefu wa ganda baada ya kufyatuliwa. Kabla ya hapo mdomo wake umekunjwa ndani, kwa hiyo risasi nzima ni fupi zaidi na huingia katika chemba ya 65 bila kusukumwa. Bunduki hufunga vizuri, mwenyewe akaridhika. Baruti ikilipuka, mdomo hukunjuka ukiwa tayari kooni, kama mwavuli unaofunguliwa ndani ya ushoroba. Njia ya marisawa hubana na shinikizo hupanda, katika chuma ambacho huenda hakikuundwa kulihimili.

Je, tuseme chumba, tundu au chemba? Chumba humpeleka msomaji nyumbani, na tundu laweza kuwa popote kwenye mtutu. Chemba tayari limo katika Kiswahili kwa maana ya nafasi iliyofungwa, na fundi wa bunduki ataelewa bila maelezo. Ila tuseme kwa ukamilifu “urefu wa chemba” na “urefu wa ganda lililofyatuliwa”. Tukisema “urefu wa risasi” tu, tunaurudisha mtego uleule.

Anayetafuta risasi aanze na bunduki, si duka. Mitutu ikitolewa, upande wake wa chini, karibu na chemba, huonyesha alama za ukaguzi wa London au Birmingham, na mara nyingine urefu wa chemba kwa inchi: 2½ ni 65, 2¾ ni 70. Hata hivyo, fundi apime, kwani chemba huweza kuwa iliongezwa baadaye. Aangalie pia kama mitutu ilikaguliwa kwa baruti isiyo na moshi. Mitutu ya kusokotwa iliyojaribiwa kwa baruti nyeusi pekee haiokolewi na ganda fupi.

Viwanda vya Uingereza, Eley na Gamebore vikiwemo, bado hutengeneza risasi za chemba ya 65. Baadhi ya maganda hayo hupimwa 67, lakini yameundwa kwa chemba hiyo. Lenye uzito ni tamko la mtengenezaji kuhusu chemba. Mkazi wa Embu au Meru ataziagiza kwa muuzaji mwenye leseni, kwa idadi anayoruhusiwa na cheti chake. Aliyeachiwa bunduki na marehemu hawezi kuagiza chochote kabla ya kupata leseni yake mwenyewe. Na muuzaji akisema iliyopo ni ya 70 tu na “inaingia”, jibu ni kuiacha dukani.